Bei ya Mpiga Sarafu

Ndugu yangu Istoma ndiye aliyekuwa akimpigia mtawala wetu sarafu, na mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyekuwa nikimvutia waya. Wengi wanaoshika sarafu hudhani zimemiminwa kama mishumaa. Sivyo. Fedha huyeyushwa ikawa fimbo, fimbo ikagongwa mpaka ikawa nyembamba, kisha ikavutwa kupitia bamba la chuma lenye matundu, tundu kubwa kwanza, halafu dogo, halafu dogo zaidi, mpaka iwe waya. Kazi hiyo ya kuvuta ilikuwa yangu. Nilijifunga mkanda mpana wa ngozi kiunoni, koleo likafungwa kwenye mkanda, nikawa narudi kinyumenyume na kuvuta kwa uzito wa mwili wote. Istoma aliukata waya vipande sawasawa, akavigonga vikawa bapa, kisha akaweka kila kimoja kati ya mihuri miwili na kukipiga nyundo moja tu. Kilichotoka kilikuwa kidogo kama gamba la samaki, jina la mtawala likiwa limekatika nusu. Lakini kwa magamba hayo watu walinunua ng'ombe na kuoza mabinti.

Mume wangu alikufa kwa homa, akaniachia binti mmoja, Ovdotya. Istoma na mkewe Ulyana hawakujaliwa mtoto. Walituchukua, na kusema kweli Ovdotya alilelewa na Ulyana kuliko mimi, maana mimi nilishinda karakanani. Ovdotya alimwita shangazi, lakini walikuwa kama mtu na mdogo wake. Ukimwona mmoja kisimani, basi mwenzake yuko nyuma na ndoo.

Kwaresima moja wakaenda wote wawili kijiji cha juu ya mto, kwa mama yake Ulyana, kuchukua kitani cha kusokota. Asubuhi iliyofuata, tukiwa juu ya ukuta wa mji, tukaona moshi kwa mbali. Haukuwa moshi wa jiko. Baada ya muda watu wakaanza kuja wakikimbia thelujini, wengine hawana viatu, wakipiga kelele kwamba Watatari wamepita. Nilimshika kila aliyeingia langoni nikimuuliza. Mwanamume mmoja aliyenijua aliinamisha kichwa.

"Mamake Ulyana amekufa mlangoni kwake," akasema. "Hao wawili niliwaona wamefungwa kwenye kamba moja. Wanatembea."

"Wanatembea?"

"Walikuwa wanatembea, Fetinya. Usiniulize zaidi."

Watatari hawakuushambulia mji. Walipiga mahema yao ng'ambo ya mto Pronya, mahali tulipoweza kuwaona, kisha wakamtuma mkalimani wao chini ya lango. Aliitwa Nekras, Mrusi kama sisi, aliyechukuliwa utotoni akakulia huko kwao. Alisimama juu ya mto ulioganda barafu, kofia yake ya manyoya kichogoni, akapaza sauti kama mchuuzi wa sokoni.

"Mwenye mtu wake alete fedha! Bwana wangu Tulubai si mkatili. Mzee, mche mmoja wa fedha. Kijana, miwili. Na msikawie, barafu ikianza kulia kwa kuyeyuka sisi tunaondoka, na wao wanakwenda kuuzwa mbali!"

"Na wewe walikuuza kiasi gani, mbwa wee?" mtu akamtukana kutoka ukutani.

"Bei nafuu," Nekras akajibu, wala hakukasirika. "Hakuna aliyekuja kunikomboa."

Kwa wetu wawili, miche minne ya fedha, vipande vizito vya kumiminwa. Mtu angeweza kuishi maisha yake yote asiishike miche minne kwa pamoja. Istoma aliishika kila siku, ila haikuwa yake.

Tulianza na tulivyokuwa navyo. Nilivua hereni zangu za harusi. Istoma akaishusha picha takatifu ya Mama wa Mungu ukutani, akapiga ishara ya msalaba, akaanza kulibandua ganda la fedha lililoifunika kwa ncha ya kisu. Majirani walileta walichoweza: mmoja pete, mmoja vifungo viwili vya joho la marehemu babake, mwingine kijiko kilichovunjika. Wengi hawakuleta kitu, maana nao walikuwa na watu wao kwenye kamba zile. Tukaviyeyusha vyote. Fimbo iliyopatikana haikufika hata mche mmoja.

Nikaenda kwa Mina, mtunza hazina wa mtawala. Yeye ndiye aliyekuwa akitupimia fedha asubuhi na kupokea sarafu jioni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinitesa zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumchukia.

"Mama Fetinya," akasema, "hii fedha si yangu."

"Najua si yako. Ndiyo maana haikuumi."

"Keti kwanza."

"Siketi. Nikopeshe. Istoma atapiga sarafu bure mpaka azeeke. Mimi nitavuta waya bure mpaka nife."

Akapangusa uso kwa kiganja. "Unajua inakwenda wapi? Inakwenda Hordani, makao makuu ya Watatari, kwa khan, mfalme wao, ni kodi ya mji mzima. Ikipungua hata kidogo hawatakuja kuchukua wanawake wawili. Watakuja kutuchukua sote, na wanangu mimi pia. Mtawala akirudi nitamwomba kwa ajili yenu, naapa."

"Atarudi lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Na barafu je, Bwana Mina? Itamsubiri?"

Nje ya dirisha lake theluji iliyoyeyuka ilikuwa inadondoka kutoka paani, tone, tone, tone, kama mtu anayetucheka.

Nilimkuta Istoma karakanani amekaa juu ya fuawe, fedha ya mtawala iko mbele yake kwenye mfuko wa ngozi. Nilifunga mlango. Nikamwambia tuchanganye shaba. Tutoe fedha kidogo, tutie shaba kidogo, uzito ubaki vilevile, na Mina jioni atapima tu.

"Dada, unajua wanavyomfanya mtu."

Nilijua. Tulimwona sote fundi mmoja wa kuyeyusha aliyechanganya shaba, pale sokoni, alivyofunguliwa kinywa kwa kijiti akamiminiwa bati la moto kooni. Siku ile nilimzuia Ovdotya asitazame, lakini masikio yake sikuweza kuyaziba.

"Najua," nikasema. "Na wao wako kwenye kamba."

Akainuka akawasha moto.

Tulipiga mivukuto mpaka chungu kikawa chekundu. Alitia shaba. Nilipofunga mkanda na kuanza kuvuta, nilihisi mara moja kwamba kitu hakiko sawa. Fedha safi huja kama uzi wa asali, unaweza kuivuta huku unawaza mambo yako. Hii ilikuwa ngumu, inakwaruza tunduni, na rangi yake ina wekundu kama kidonda kinachoanza kupona. Nikavuta. Ikakatika, nikaanguka chali. Tukaipasha moto upya, tukaivuta tena, ikakatika tena. Mara ya tatu nilianguka nikagonga kichwa kwenye gogo, na sikuona haja ya kuinuka.

Istoma alianza kucheka. Alicheka ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, mpaka nikaogopa.

"Hata shaba inatukataa, dada," akasema. "Hata shaba."

Akachukua mfuko wa mtawala, akatia na vipande vile vyekundu, akatia na fimbo ya hereni zetu, akaufunga mdomo wake kwa kamba. Akachomeka nyundo yake mshipini kama afanyavyo kila anapotoka.

"Istoma, unafanya nini?"

"Twende."

"Mchana huu? Watu wote wanatuona!"

"Waone. Usiku mlango wa mji umefungwa. Twende, kabla akili hazijanirudia."

Tukatoka tukiuburuta mkokoteni wetu usio na magurudumu, wa kuteleza thelujini, mfuko uko chini ya nyasi. Mlinzi wa lango alituuliza tunakwenda wapi, Istoma akasema tunakwenda kukomboa watu wetu, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Mlinzi akatufungulia, akatuombea heri.

Juu ya barafu kulikuwa na maji yanayofika kifundoni. Chini yake mto ulikuwa unanguruma, na mara kwa mara kitu kilipasuka mbali kwa mlio mkavu. Nilikuwa naomba kwa watakatifu wote niliowajua majina, nikimaliza naanza upya.

Kambini walikuwa wameanza kung'oa mahema. Mateka walikaa kwenye matope kwa mistari, na nilimwona binti yangu kabla hajaniona. Alikuwa amempakata Ulyana miguu, ameivika mitandio yote miwili, yake na ya mwenzake, kichwa chake kiko wazi kwenye upepo.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, miguu ya shangazi imekuwa myeusi!"

Ulyana hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, akautazama mfuko, na akaelewa mara moja.

"Umeiba," akasema. "Istoma, umefanya nini?"

Tulubai alikuwa mtu mnene mwenye mafua, amekaa kwenye zulia nje ya hema lake, anakunywa maziwa ya farasi. Alimwaga mfuko wetu kwenye zulia. Sarafu zilimwagika pamoja na vipande vya waya, na vile vyekundu vikaonekana wazi kati ya vyeupe. Akakiokota kimoja, akakitia jinoni, akakitema. Akasema neno, wenzake wakacheka.

"Anasema mmemletea magamba yaliyooza," Nekras akatafsiri.

"Ayatoe hayo, apime yaliyobaki," Istoma akasema.

Wakapima kwa mizani yao. Waliweka jiwe upande huu, fedha upande huu, wakabadilisha jiwe, wakapima tena. Ilitosha miche mitatu na kitu kidogo. Mfuko ule haukuwahi kujazwa kodi nzima, Mina alikuwa akitupimia kidogo kidogo kila siku.

"Mmoja," Nekras akasema. "Mmoja, na nusu ya mwenzake. Nusu haitembei. Chagueni."

Sijui kama nimewahi kuchukia neno kama nilivyolichukia lile. Nilifungua kinywa, na Mungu ananijua, jina la binti yangu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ulyana akanitangulia.

"Mchukueni Ovdotya. Wifi, mchukue mtoto mwende."

"Siendi bila shangazi!"

"Nyamaza wewe! Mimi sina miguu, wataniacha njiani tu. Mchukueni."

"Wanitwae mimi," nikamwambia Nekras. "Nina nguvu, mimi huvuta waya, nitazame mikono. Mwambie."

Alimwambia. Tulubai alinitazama toka juu mpaka chini akapenga kamasi.

"Anasema, bibi, wewe utakula kuliko utakachozalisha."

Hapo Nekras mwenyewe akainama, akaokota sarafu moja, akaigeuzageuza. Akamtazama Istoma mikono, yenye alama nyeusi za moto na kucha za kidole gumba zilizopasuka. Akasema kitu kwa Kitatari, polepole. Tulubai akaacha kunywa.

"Nimemwambia kwamba wewe ndiye unayezipiga," Nekras akasema. "Samahani, ndugu. Au sijui kama ni samahani. Huko kwetu khan anatafuta watu wa kazi hiyo. Mtu wa mihuri thamani yake ni zaidi ya kamba hii yote. Anasema: wewe ubaki, wanawake wote wawili waende."

Ulyana alijaribu kusimama akaanguka kwa magoti. "Hapana! Istoma, hapana, nakwambia hapana. Nitakufa njiani na yatakuwa yameisha. Wewe ukienda hayataisha!"

Istoma alichuchumaa mbele yake. Alizungumza taratibu, kama walipokuwa wakipanga mambo ya nyumbani.

"Ulyana, mke wangu, nirudi wapi? Nikirudi kule kuna bati linanisubiri. Nilishakufa nilipofunga ule mfuko. Hapa angalau nitakuwa na koo."

Kisha akainuka. Wote tulidhani amekubali. Lakini alipiga hatua mbili mpaka kwenye gogo walilokuwa wakikatia kuni, akalaza mkono wake wa kulia juu yake, na kwa mkono wa kushoto akachomoa nyundo na kuiinua.

"Mwambie fedha inarudi nao," akasema. "Yote. Ni ya mtawala wangu. Isiporudi watawatoa hawa roho badala yangu. Mwambie anichague mimi au fedha. Akitaka vyote viwili, naponda mkono huu sasa hivi, na atabaki na mdomo wa kulisha."

Nekras alitafsiri. Mtatari mmoja akamsogelea, Istoma akaipandisha nyundo juu zaidi, na nikaona kwamba ataishusha kweli. Ulyana aliziba macho. Mimi sikuweza. Uso wa Tulubai ukakunjuka, akacheka mpaka akakohoa. Akazoa konzi moja ya sarafu akazitia kifuani, na kwa mguu akazisukuma zilizobaki kuelekea kwangu.

"Anasema amekupenda," Nekras akasema. "Anasema shusha nyundo."

Hawakutupa nafasi ya kuagana. Ovdotya alikimbia akamkumbatia mjomba wake kiunoni, akasukumwa. Istoma aliniambia, "Dada, umpake Ulyana mafuta ya bata miguuni, usiweke moto karibu," kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Kisha wakamgeuza wakampeleka nyuma ya mahema, na sikumwona tena.

Tulimlaza Ulyana mkokotenini, mfuko tukauweka mapajani kwake. Nilijifunga kamba kiunoni, Ovdotya akasukuma nyuma. Barafu ilikuwa imebadilika kwa muda ule mfupi. Ilikuwa ya kijivu, inazama kidogo chini ya mguu na kuinuka, kama kifua kinachopumua. Tulipofika katikati, ufa ukapita mbele yangu kwa kishindo, nikaruka. Mkokoteni haukuruka. Nyuma yake ikazama.

"Vuta, mama!"

Nilivuta. Nilivuta kinyumenyume kama nivutavyo siku zote, visigino vikitafuta pa kushika. Ovdotya alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu, amemkamata Ulyana kwapani. Maji yalikuwa yamemfika Ulyana kiunoni, na mikono yote miwili, badala ya kumshika mtoto, ilikuwa imeukumbatia mfuko.

"Uachie!" nikapiga kelele. "Ulyana, uachie huo!"

"Ni yeye huyu!" alilia. "Wifi, ni Istoma huyu!"

"Shangazi, unanivuta!" Ovdotya akasema, na kweli alikuwa anateleza, mabega yake yameshafika ukingoni.

Ulyana akamtazama mtoto. Akafungua mikono. Mfuko haukupiga hata kelele, ulikwenda tu, na mkokoteni ukaufuata. Nilimkokota Ulyana juu ya barafu kwa nywele na kwa nguo, na tukatambaa watatu mpaka ukingoni, hakuna aliyekuwa na mguu wa kusimamia.

Mina alikuwa amesimama pale na walinzi wawili. Ameona yote kutoka ukutani. Nilikuwa natetemeka kiasi kwamba meno yaligongana, lakini nilimweleza, sikuficha kitu: shaba, mfuko, nyundo, maji. Nikamwambia kama ni bati, animiminie mimi, hawa wawili hawajui lolote.

Nyuma yetu barafu ilianza kusogea yote kwa pamoja, vipande vikubwa vikipandana, na mlio wake ulizima sauti nyingine zote. Alisubiri kishindo kipungue.

"Istoma amechukuliwa na Watatari," akasema hatimaye, akiwatazama walinzi mmoja baada ya mwingine. "Pamoja na fedha aliyokuwa nayo. Ndivyo nitakavyomwambia mtawala. Lakini fedha ni lazima irudi, Fetinya. Mnajua."

Tulijua. Walichukua nyumba, karakana walikuwa nayo tangu mwanzo, na sisi watatu tukawa watumwa wa nyumba ya mtawala mpaka deni liishe, yaani mpaka kufa. Hakuna aliyetumiminia kitu kooni. Watu walisema tuna bahati. Ulyana alipoteza vidole vyote vya mguu mmoja na vitatu vya mguu wa pili, akajifunza kutembea upya kwa fimbo. Mtawala alileta mpiga sarafu mwingine kutoka mji mwingine, mtu wa matusi, na mimi nikarudishwa kwenye mkanda uleule kumvutia waya. Ovdotya walimweka jikoni. Baadaye aliolewa na mtumwa mwenzake, na wanawe ni watumwa.

Ulyana hakutaka tumtaje Istoma. Ilipita miaka mingi. Kisha siku moja mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka Hordani alipita uani, akamuuliza Mina kama kuna jamaa za mtu aitwaye Istoma. Alisema amemwona kule, Mrusi anayechonga mihuri ya khan. Ana nyumba ya udongo. Hapo mfanyabiashara akasitasita, akamtazama Ulyana aliyekuwa ameegemea fimbo yake na ndoo. Akasema wamempa mke wa huko, na ana mtoto wa kiume.

Nilimshika Ulyana mkono. Niliusikia ukikaza, kisha ukalegea.

"Anakula vizuri?" akauliza.

"Anakula. Hata amenenepa kidogo."

"Na mtoto anaitwaje?"

Mfanyabiashara hakujua. Ulyana akatikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo lililomkera, akamwambia angeuliza, mtu mzima anatoka huko kote asiulize jina la mtoto. Kisha akachukua ndoo yake akaenda kisimani, maana jikoni walikuwa wanamwita alete maji.